Programu Niliyokataa Kuizika

Zulfa mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako, na wifi yangu namjua: hatakuachia utoke kwake kabla hujala mara mbili. Kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula cha huko Ujerumani, wala namna ya kupanga begi. Hayo umeambiwa na kila aliyekanyaga baraza yetu wiki hii, na baadhi yao hata pasipoti hawana.

Nataka kujibu jambo ulilolisema juzi mezani ukawahi kulifunika kwa kicheko. Ulisema, "Mama, nakwenda kukaa na watu wanaoandika programu tangu wakiwa watoto. Na lugha ninayoijua mimi vizuri ndiyo hiyo wanayoiita ya polepole." Mjomba wako akadakia, "Na siku hizi kompyuta zinajiandikia programu zenyewe. Huyu anakwenda kusoma nini hasa?" Watu wakacheka, wewe ukacheka nao. Baba yako akanitazama mimi, kwa kuwa anajua jambo hilo likitajwa huwa sikai kimya. Safari hii nilikaa kimya. Jibu langu lilikuwa refu kuliko ule wali uliokuwa mezani.

Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, nyumba hii ilipokuwa kama ina mgonjwa? Mimi na baba yako tulikuwa tunaamkiana, tunapishana mlangoni, basi. Ulimuuliza bibi yako wa Kondoa kama tunaachana, naye akakwambia ni mambo ya watu wazima. Hayakuwa mambo ya watu wazima. Yalikuwa mambo ya Python na Fortran, lugha mbili za kuandikia programu za kompyuta.

Unajua kwamba mimi na baba yako tuko ofisi moja, ofisi ya maji, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza sawasawa kazi yangu. Dodoma inakunywa maji ya chini ya ardhi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na ikikosea ndiyo basi hadi mwakani. Mji ulipoanza kujaa watu waliohamia huku na Serikali, kila mkubwa akawa anauliza swali lilelile: tukivuta maji zaidi kwenye visima hivi, vile vya kule vitakuwaje? Hakuna awezaye kushuka chini akatazame. Tunachofanya ni kuigawa nchi ya chini katika miraba midogo midogo ndani ya kompyuta, miraba mingi sana. Kila mraba unawauliza majirani zake maji yao yamefika kimo gani, kisha unarekebisha kimo chake. Halafu unauliza tena, na tena, mpaka miraba yote itulie. Ndiyo programu yangu. Niliiandika mwenyewe kwa Python, kwa sababu ndiyo lugha niliyoijua, na ndiyo ambayo wenzangu ofisini wangeweza kuisoma wakaikosoa.

Ikaja kampuni ya washauri kutoka nje. Walikuwa na programu yao ya kazi hiyohiyo, imeandikwa kwa Fortran. Niliposikia jina hilo nilicheka. Fortran ni lugha kongwe. Bibi yako angeisoma chuoni kama wangempeleka chuo badala ya kumpeleka shambani. Nikasema moyoni, hawa wametuletea gari la makumbusho. Sikujisumbua kuuliza kwa nini watu wenye akili zao bado wanaliendesha. Ningeuliza ningejua kwamba lugha ile ilizaliwa kwa ajili ya hesabu za namba, na kwamba watu wameinoa tangu kabla mimi sijazaliwa. Niliidharau kwa umri wake. Wewe huko watakudharau kwa mengine, lakini dharau ni ileile, na mimi nimewahi kuwa upande wa kuitoa. Ndiyo maana naijua harufu yake.

Mkurugenzi akasema programu zote mbili zijaribiwe, kompyuta moja, data moja. Kazi ya kuandaa jaribio akanipa mimi. Nililiandaa, na matokeo yakanifurahisha: programu yangu ilikuwa nyuma kidogo tu ya yao. Katika jaribio moja ilitangulia. Nikayaweka kwenye michoro yenye rangi. Baba yako aliniuliza jioni ile, "Nikuangalizie?" Nikamwambia asijali, yote yamekaa sawa.

Siku ya kikao nilisimama mbele ya projekta nimejifunga mtandio wangu wa kijani. Nikaeleza, watu wakaitikia kwa vichwa. Mkurugenzi alikuwa ameanza kukunja karatasi zake. Ndipo baba yako alipoinua mkono kutoka mwisho wa meza.

"Bi Hawa," akasema, maana ofisini ananiita hivyo, "saa ya programu ya wenzetu umeianzisha wapi?"

"Mwanzo," nikasema. "Pale unapoiamuru ianze."

"Pamoja na muda wa kuitafsiri iwe lugha ya mashine?"

Fortran inabidi kwanza itafsiriwe yote ndipo ikimbie. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu, baadaye unaiendesha utakavyo. Mimi nilikuwa nimeihesabu kila mara.

"Na ya kwako?" akauliza. "Naona saa imeanza data ikiwa imeshasomwa."

"Ndiyo," nikasema.

"Na eneo ulilotumia ni dogo. Kwenye eneo dogo wote wanafika pamoja. Tujaribu bonde zima."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ileile anayoniulizia kama chumvi imekolea. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Basi tukajaribu bonde zima palepale, saa zote mbili zikianza mahali pamoja. Programu ya wageni ilimaliza kabla mhudumu hajagawa chupa za maji meza nzima. Yangu ikawa inaendelea. Watu wakatoka kwenda kuswali na wengine kula, wakarudi, inaendelea. Kuna mtu alisema, "Labda inachimba kisima chenyewe," na kikao kizima kikacheka. Mshauri mmoja, kijana mpole, akanisogelea akaniambia programu yangu ni nzuri sana kwa kufundishia. Nadhani alitaka kunifariji. Maneno yale yalinichoma kuliko kicheko.

Sikiliza, Zulfa. Sikudanganya kwa makusudi. Lakini jibu lingekuwa baya ningelikagua usiku na mchana. Lilikuwa zuri kwangu, nikaliacha. Hapo ndipo nilipoteleza, na sijaona mtu wa kazi hii ambaye hajateleza hapo. Jibu unalolipenda ndilo la kulitilia shaka kwanza.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi aliniita. Mezani kulikuwa na karatasi ya kunitaka nikubali kwamba programu ya ofisi haifai kwa kazi na itaachwa. Akanisogezea kalamu.

"Andika kwamba ni ya polepole, nitatia sahihi sasa hivi," nikamwambia. "Ukiandika haifai, sitii."

"Tofauti iko wapi, Bi Hawa?"

"Majibu yake na ya wageni ni yaleyale. Mmeyaona wenyewe. Kitu kinachotoa jibu sahihi hakiwezi kuwa hakifai."

"Kinachofika kesho wakati sisi tunataka leo, hakifai."

"Basi nipe muda nikifikishe leo."

Akasema muda hana. Nikainuka, kalamu nikaiacha pale. Mwezi haukuisha nikahamishiwa masijala, nikawa napokea mafaili na kuyapanga kwenye makabati. Mtu mwenye shahada ya hisabati. Wenzangu walinishauri nikaombe radhi. Nikawauliza, radhi ya nini? Nimeshindwa mbio, sijaiba.

Nyumbani nilimgeuzia hasira baba yako. Nilimwambia, "Ungenyamaza, Idd."

"Ningenyamaza, wangekuja kugundua wao baadaye, wakakuita mwongo."

"Ungeniambia jana yake, chumbani, si mbele ya watu."

"Jana yake nilikuomba unionyeshe."

Nikaacha kusema naye. Hiyo ndiyo sababu ya ule ukimya uliokutisha. Watu wamewahi kuniambia mbele yako kwamba nilifanya vyema kumsamehe baba yako. Wakome. Hakukuwa na cha kumsamehe, alikuwa sahihi. Kitu kilichonikaba ni kwamba alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya projekta.

Basi nikaanza upya. Hakuna aliyeniagiza. Nilipomaliza mafaili ya masijala nilifungua kompyuta mpakato yangu, ile yenye kitufe kilichong'oka. Ipo programu inayokuonyesha kila mstari ulioandika umekula muda kiasi gani. Ningeitumia tangu awali, ila nilikuwa nadhani naijua kazi ya mikono yangu. Niliyoyaona yalinishangaza. Karibu muda wote ulikuwa unaliwa na sehemu moja fupi, ile ya miraba kuulizana na majirani. Kurasa nyingine zote nilizozihangaikia hazikuwa na uzito wowote.

Na ile sehemu fupi nilikuwa nimeiandika kama mtu anayepakia lori la mahindi sokoni Kibaigwa kwa kubeba punje mojamoja, na kila punje anaisimamisha kuiuliza kama kweli yeye ni hindi. Python ndivyo inavyofanya ukiipa namba mojamoja: kila namba inaihoji kwanza, ndipo ihesabu. Ukiikabidhi gunia zima kwa pamoja, inahoji gunia mara moja tu. Nikaandika upya kwa magunia. Programu iliyokuwa ikikesha ikaanza kumaliza wakati wa chai. Nilicheka peke yangu masijala mpaka mlinzi akachungulia.

Lakini bado nilikuwa nyuma ya wageni, na si nyuma kidogo. Kulikuwa na kipande kisichokubali kuingia guniani, kwa sababu kila mraba ulihitaji jibu jipya la jirani yake kabla ya wenyewe kuhesabu. Kipande hicho kilitaka lugha nyingine. Kilitaka Fortran. Unaweza kuandika kipande hicho tu kwa Fortran, kisha Python ikakiita kinapohitajika. Na Fortran katika nyumba hii anaijua mtu mmoja, baba yako, aliyeisoma chuoni.

Nilijaribu kujifunza mwenyewe nikiwa nimenuna. Haikwenda. Jumamosi moja baba yako alikuwa anakula, nikaisogeza sahani yake, nikaweka kompyuta mbele yake. Nikasema, "Baba Zulfa, nifundishe."

Alinawa mikono taratibu, akafuta kwa taulo, akavaa miwani. "Nionyeshe ulipofika," akasema. Hakuuliza kwa nini nimechelewa. Ndiyo tabia yake. Ukipata mume wa namna hiyo, ugomvi wenu utakuwa mgumu sana, lakini utakuwa na mwisho.

Jumapili yake ndiyo ile uliyotukuta tunapigizana kelele sebuleni. Uligonga mlango wa sebule ya kwenu, mtoto wa nyumba unagonga, ukaingia macho yamejaa machozi ukauliza, "Mama, mnaachana kweli?" Hatukukueleza, kwa sababu tungeanzia wapi? Tulikuwa tunagombania jinsi namba zinavyopangwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Python, kwa jinsi nilivyoitumia, inazipanga safu za kulala moja baada ya nyingine. Fortran inazipanga safu za kusimama. Mimi nilikuwa nazisoma kwa kulala huku zimepangwa kwa kusimama, kompyuta ikawa inarukaruka huku na kule kutafuta kila namba, na programu ikawa ya polepole kuliko ilivyokuwa. Nilimwambia baba yako, "Hii ndiyo lugha yako ya kasi?" Akaniambia, "Lugha haina kosa, wewe unaisoma kwa ubavu." Nikasema waliotunga Fortran ndio wamepanga kwa ubavu. Ndipo ukaingia.

Ulipotoka, baba yako akageuza mizunguko miwili ya kuzipitia namba, wa ndani ukawa wa nje na wa nje ukawa wa ndani. Mistari miwili tu. Tukaendesha. Ikamaliza kabla sijakaa vizuri kitini. Tukatazamana, kisha akacheka, nami nikacheka, na tukakuita uje unywe soda. Ulidhani tumepatana kwa ajili yako. Tulikuacha udhani hivyo, maana nawe ulikuwa na haki ya kupata faida kidogo.

Sikuwashinda wale wageni. Hilo nataka ulielewe vizuri. Tulipopima kwa haki, bonde zima, saa zote zikianza pamoja, wao walikuwa mbele siku nyingine, sisi siku nyingine, kwa tofauti ambayo mtu hawezi hata kuagiza chai ikaja. Tulikuwa tumelingana. Kwa mtu aliyechekwa kikao kizima, kulingana kunatosha.

Nikapeleka matokeo kwa Mkurugenzi. Hakufungua. "Bi Hawa, uamuzi umeshapita," akasema. "Rudi masijala." Nikarudi masijala. Lakini kila mwezi vipimo vya visima vilipoletwa, na vilikuwa vinapitia masijala, niliviingiza kwenye programu yangu nikaiendesha. Niliambiwa niache. Sikuacha. Nilikuwa nimemaliza kazi yao, kompyuta ni yangu, na visima ni vya watu wote.

Ukaja mwaka wa mvua mbaya. Unaukumbuka, ndio mwaka mbuzi wa babu yako walikufa. Visima vya mji vikaanza kushuka. Kutokana na majibu ya programu ya wageni, ofisi ikatoa amri kwamba kisima cha kijiji kimoja cha wakulima wa zabibu, upande wa Bahi, kifungwe ili kuokoa visima vya mji. Kijiji kizima, na mizabibu yao, na ng'ombe wao, kisima kimoja. Lakini baada ya wageni kufanya hesabu zao, vilikuwa vimechimbwa visima vipya pembezoni mwa mji, na havikuwamo kwenye hesabu. Kuviingiza kulihitaji wale washauri, na mkataba wao ulikuwa umekwisha. Programu yao tulikuwa nayo, ila tulikuwa na ile iliyokwisha kutafsiriwa. Unaiendesha, huwezi kuifungua ukabadilisha kilichomo. Ofisini hakuna aliyejua ndani yake kuna nini. Ilikuwa na kasi kama umeme, na ilikuwa inakimbiza swali la zamani.

Ya kwangu ilifunguka. Mimi na baba yako tuliongeza visima vipya kabla ya adhuhuri, tukaiendesha mara nyingi, tukiwasha hiki na kuzima kile. Jibu likatoka lilelile kila mara: kisima cha kijiji hakikuwa kinavuta maji ya mji. Vilivyokuwa vinavutana ni visima viwili vya mji wenyewe, vilivyochimbwa karibukaribu mno. Vipumzishwe hivyo kwa zamu. Jibu lile lilinifurahisha, na safari hii nilikuwa nimejifunza. Nikamwambia baba yako, "Lipige. Litafutie kosa." Alilipiga siku nzima. Alipata kosa moja, kimo cha kisima kilichonakiliwa vibaya. Tukasahihisha, jibu likabaki palepale.

Tukaenda kwa Mkurugenzi pamoja. Alikuwa na wahandisi wawili. Baba yako akasema, "Nimekagua mwenyewe. Data nimekagua, vipimo nimekagua."

Mkurugenzi akamgeukia. "Idd," akasema, "wewe ndiye uliyemwangusha mkeo hapa mbele yetu. Wewe ukisema ni sawa, nitakusikiliza."

Hapo ndipo nilipoona faida ya mkono ule aliouinua mwisho wa meza. Angekuwa amenyamaza siku ile, siku hii neno lake lingekuwa la mume anayemtetea mkewe, lisingesikika. Lakini pia damu ilinichemka, kwa sababu hata siku ya haki yangu walikuwa wananiamini kwa mdomo wa mwanamume.

Nikasema, "Mkurugenzi, aliyeiandika ni mimi. Maswali niulize mimi."

Wahandisi wakainamisha macho. Baba yako akavuta kiti nyuma, akakaa, akafunga mdomo wake. Mkurugenzi akaanza kuniuliza, na nikajibu mpaka maswali yakamwishia. Alipochoka akaniambia, "Lete mchoro wa visima viwili hivyo." Hakusema zaidi ya hapo.

Kisima cha kijiji hakikufungwa. Vile viwili vya mji vikapumzishwa kwa zamu, na mgao wa maji ukaja mpaka hapa Makole. Wewe ulibeba madumu na kulalamika, na mama mwenye nyumba ya jirani akawa anauliza kwa sauti ni mpumbavu gani wa ofisi ya maji aliyeamua hivi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni na dumu langu. Nikamwambia, "Ni mimi, mama." Hakunisalimia mpaka mvua zilipokuja. Lakini vile visima viwili vilipanda, na kule kijijini walivuna.

Mimi nilitolewa masijala. Cheo sikupanda, na waliokuwa chini yangu sasa wako juu. Ile karatasi haijawahi kupata sahihi yangu. Nimeulizwa mara nyingi kama ilistahili. Sijui stahili inapimwa kwa nini. Najua tu kwamba nisingeweza kuishi na jina langu chini ya neno "haifai."

Sasa nirudi mezani. Mjomba wako anasema kompyuta zinajiandikia. Ni kweli zinaandika; mimi nazitumia, na zimenisaidia. Juzi moja iliniandikia kipande kizuri cha Fortran, na kilisoma namba kwa ubavu, kosa langu lilelile. Nani angeliona, kama nisingekuwa nimegombana na baba yako kwa ajili yake? Na wewe usiende huko ukijitetea kwamba lugha yako si ya polepole. Ni ya polepole, kiri. Kisha waulize ni katika kazi gani, kwenye data ya ukubwa gani, saa imeanzishwa wapi, na nani atakayeifungua mwandishi akishaondoka. Wengi watakuwa hawajajiuliza. Wachache watakuwa wamejiuliza kukuzidi, na hao ndio uketi nao, hata kama wanakuudhi. Hasa wanaokuudhi.

Utaaibika huko, mwanangu. Siwezi kukuzuilia hilo na sitaki. Utasimama mbele ya watu, mtu atainua mkono, naye atakuwa sahihi. Hapo usilie, na usimnunie kama nilivyomnunia baba yako mwaka mzima wa ujana wako. Mkubalie palepale, kisha nenda ukarudie kazi. Lakini akikupa karatasi inayosema wewe hufai, muachie kalamu yake mezani.

Kuna jambo sijakwambia. Jumatatu, wewe ukiwa umekwisha kufika, tuna kikao. Tuna mkurugenzi mpya, na kuna kampuni mpya imeleta programu kwa lugha mpya, inayosemekana kusomeka kama Python na kukimbia kama Fortran. Aliyeiandika ni binti wa rika lako. Nimesoma alichotutumia, na kusema kweli ni kizuri. Huenda akanishinda. Safari hii jaribio tutaliandaa mimi na yeye kwa pamoja, nimelidai hilo kwa maandishi. Akinishinda kwa haki, Jumanne nitaanza kujifunza lugha yake, kwa umri wangu huu huu na miwani yangu hii hii. Wakinishinda kwa hila, watajuta kuniita kikaoni.

Usinipigie kuniuliza imekuwaje. Nipigie uniambie wamekupa kompyuta ya namna gani na umeanza kuandika nini.

Mama yako,
Hawa